Safari ya Koekelberg Kuuombea Msitu wa Baba

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya maneno machache ya simu. "Fyekeni wote," kaka yangu Masanja alisema kutoka Ubelgiji. "Usibaki hata mti mmoja." Halafu akakata, na kila nilipompigia tena akawa yuko kazini.

Msitu aliouzungumzia ni wa baba yetu. Mnaoujua upande wetu wa Shinyanga mnajua mbuga zilivyo, nyasi na udongo mweusi hadi macho yachoke. Katikati ya mbuga ya kwetu, mwendo mfupi kutoka kijijini, kuna kisitu cha migunga, mikwaju na miti mingine ambayo majina yake nayajua kwa Kisukuma tu. Baba aliliwekea eneo lile uzio wa miiba zamani, likawa ngitili, yaani mahali ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikali, ili majani yapumzike. Majani yakapumzika, na miti nayo ikapata nafasi. Tangu nipate akili hadi nikawa mwalimu wa shule ya msingi, msitu ule ulikuwepo. Humo wanawake wa kijiji hupata kuni zilizokauka, na wafugaji wa nyuki hutundika mizinga yao.

Baba alifariki mwaka jana. Wadogo zangu Kulwa na Dotto, watoto wa mama yetu mdogo, mke wa pili wa baba, wakataka kuufyeka walime mpunga. Mnunuzi wa mkaa alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuutazama. Mimi nilikataa, lakini kwetu neno la mwisho ni la mkubwa, na mkubwa ni Masanja. Nilitegemea angekuwa upande wangu. Mtu anayeishi Ulaya, nilijiambia, atajua thamani ya miti. Jibu lake mmelisikia.

Kilichonisumbua hasa kilikuwa hasira iliyokuwa katika sauti yake. Kwa miaka mingi alikuwa akinialika nimtembelee, na mimi nikiahirisha. Safari hii nilimwandikia kwamba nakuja. Alinitumia tiketi bila kuuliza ninakuja kufanya nini.

Kutoka Kahama nilipanda basi hadi Mwanza, na kutoka Mwanza ndege ndogo hadi Dar es Salaam. Katika begi nilikuwa na michembe ya viazi vitamu, karanga, na samli niliyoifunga kwa mifuko mitatu nikihofia kuvuja. Kulwa alinisindikiza hadi stendi. Ni kijana mpole, na hata tukigombana hanikosei adabu.

"Dada, tutasubiri mpaka urudi," aliniambia. "Lakini ukirudi na neno lile lile, usitulaumu."

Nilimwambia sitawalaumu. Ndege ya usiku nilikaa dirishani nikipanga hoja zangu kama ninayekwenda kufundisha: mvua, mmomonyoko wa udongo, nyuki. Nilizipanga vizuri. Hakuna hata moja iliyonifaa.

Brussels nilifika asubuhi, mwezi wa nne, na baridi ambayo wenyeji wanaiita nafuu. Kaka alikuwa akinisubiri na koti la mkewe mkononi. Amezeeka. Ameanza kuinama kidogo mabegani kwa kazi yake ya kunyanyua wagonjwa katika nyumba ya wazee. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akanukia sabuni ya hospitali, akasema, "Kabula, umekuwa kama mama kabisa." Mama yetu mimi simkumbuki. Alifariki nikiwa bado mgongoni.

Wanaishi Koekelberg, ghorofa ya tatu. Dirisha la sebuleni linatazamana na kanisa kubwa lenye kuba la kijani, kubwa kiasi kwamba mtu akikuelekeza njia mitaa ile huanza na hilo. Mkewe, Odette, ni Mkongo wa Lubumbashi. Alinipokea mlangoni kwa Kiswahili chake ambacho baada ya siku mbili nilikizoea na baada ya tatu nikakipenda.

"Karibu, wifi yangu! Ingia, ingia, kuko baridi. Bon, utakula kwanza, masemi itakuya nyuma."

Tulikula, na masemi, yaani mazungumzo, yakaja baadaye kweli. Lakini nilipotaja msitu, kaka aliweka kijiko chini.

"Nilishasema."

"Ulisema kwa simu. Nimekuja kukusikia."

"Basi umenisikia." Akachukua sahani yake akaenda kuiosha, ingawa ilikuwa bado na chakula.

Siku ya pili kaka alikwenda kazini, na Odette akanipeleka Matonge, mtaa wa Wakongo, kununua sombe, ambayo sisi tunaita kisamvu, na samaki wakavu. Tulishuka metro, treni ya chini ya ardhi, kituo cha Porte de Namur, tukapita mwanzo wa Chaussée d'Ixelles wenye maduka ya viatu, mara tukawa katikati ya saluni, ndizi, muziki wa Kilingala na watu wanaosalimiana kwa kupiga kelele barabara nzima. Odette alijua kila mtu. Aliponinunulia kitambaa alinitambulisha kwa mwenye duka kuwa mimi ni dada ya bwana yake, "professeur", yaani mwalimu, na yule mama akapunguza bei.

Tukiwa tumekaa tunakunywa chai, nilimuuliza waziwazi kaka yangu ana nini na msitu ule.

Odette alikoroga chai yake. "Wifi, yee hapendaki kusema mambo ya kwabo. Miaka yote hii, mi sijue kitu. Lakini siku ile mulimupigia juu ya ile pori, hakukula. Hata kesho yake hakukula." Aliweka kijiko kando. "Na njo anaendaka ku bois, ku miti, kila siku ya repos. Na kale kazee ka Kiflama. Donc muntu anachukia pori ya kwabo, lakini ya hapa anaipenda? Mi sielewe. Uende naye. Uone."

Siku ya mapumziko ya kaka ilikuwa Alhamisi. Nilimwambia nataka kwenda naye. Alinitazama, akamtazama mkewe aliyekuwa ghafla na shughuli nyingi jikoni, akasema, "Vaa viatu vya matope."

Kwanza tulipitia kwenye ile nyumba ya wazee, tukamchukua mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Jina lake Jef, ndiye yule kazee wa Odette, Mbelgiji anayesema Kiflama. Alikuwa mwembamba, ana kofia ya sufu na blanketi magotini, na tangu mlangoni alikuwa akilalamika. Kaka alinitafsiria: anasema tumechelewa, na kwamba mara iliyopita kaka alimpitisha kwenye mashimo kwa makusudi.

"Umejifunzaje lugha yao?" nilimuuliza.

"Kwa kutukanwa na hawa," kaka alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akacheka.

Tulipanda tramu kuelekea Jette, ukingoni mwa jiji, kisha tukatembea. Nyumba zilikwisha ghafla. Mbele yetu palikuwa na uwanda wa majani, bonde lenye kinamasi, na juu ya mteremko kisitu. Nilisimama. Sikutegemea kuona kitu nilichokifahamu. Miti yao ni mingine, mirefu na laini, magome ya kijivu kama ngozi ya tembo, na majani yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguka. Lakini umbo lilikuwa lile lile la kwetu, uwanda mtupu na katikati yake miti imekusanyika kama watu waliosimama kumngojea mtu. Nyuma yake barabara kuu ya magari ilinguruma bila kupumzika.

Ndani ya msitu ardhi ilikuwa nyeupe kwa maua madogo, na mahali penye chemchemi palinuka kitunguu saumu kutokana na majani mapana yaliyoota kando ya maji. Kaka alisukuma kiti kwenye njia pana, na Jef akaanza kusimulia huku akionyesha kwa mkono, kaka akitafsiri. Alizaliwa, alisema, kwenye shamba lililopakana na msitu huu. Sehemu kubwa ya shamba sasa ni nyumba za watu. Zamani sana, msitu ulikuwa umeunganika na misitu mingine hadi upande wa pili wa jiji. Watu wakaukata kipande baada ya kipande, wakalima, wakachimba mawe ya kujengea; mashimo yale tunayoyaona pembeni, yenye miti ndani, ndiko mawe yalikotoka.

Nilimwomba kaka amuulize: kwa nini kipande hiki kilibaki? Wazee wake waliuhifadhi?

Jef alicheka hadi akakohoa. Kaka alitafsiri huku naye anatabasamu.

"Anasema waliuhifadhi wapi! Baba yake aliuchukia. Kivuli chake kiliharibu shayiri. Angeufyeka asubuhi moja tu, kabla ya kifungua kinywa, lakini mteremko ni mkali na chini kuna chemchemi kila mahali. Farasi alikuwa anazama hadi tumboni. Kwa hiyo waliacha. Anasema msitu huu umebaki kwa sababu ardhi yake haikufaa kitu."

Sikulipenda jibu lile. Nilikuwa nimekuja na picha ya babu fulani mwema aliyesimama mbele ya miti akikataza shoka.

Mbele kidogo maua meupe yalikatika. Mahali pake palikuwa na majani ya kijani kibichi yaliyosongamana, yakatengeneza kama mraba. Niliinama kuyagusa, nikaruka. Mkono wote uliwaka kama nimegusa upupu. Jef alifurahi sana.

"Anasema huyajui haya majani yanayowasha?" kaka alisema. "Anasema hapo ndipo lilipokuwa banda lao la nguruwe. Majani haya yanapenda mahali palipoishi watu na mifugo. Yale maua meupe ni kinyume chake, yanaota pale ambapo hapakuguswa. Ukitembea msituni ukayaona haya yanayowasha, chini yake kulikuwa na zizi, au jalala, au..."

Hakumalizia. Jef aliendelea kusema lakini kaka hakutafsiri tena. Alikuwa anaukodolea macho ule mraba wa majani. Kisha akaweka breki ya kiti, akachukua kijiti, akachuchumaa kwenye matope ya njiani.

"Njoo hapa, Kabula."

Alichora duara. "Hii ni nyumba ya baba." Akachora duara dogo pembeni. "Hili jiko la mama." Akachora mstari mrefu uliopinda. "Zizi. Uzio wake ulikuwa minyaa. Ghala mbili hapa. Kijia cha kwenda kisimani kilikuwa kinapita hapa, na mimi nililala upande huu na mbuzi."

"Hapa ni wapi, kaka?"

"Unajua ni wapi. Katikati ya msitu wa baba."

Nilikaa kwenye gogo lililolowa. Nilijua kwamba wazazi wetu walihamishiwa kijijini wakati wa vijiji vya ujamaa, kama watu wote wa upande wetu. Nilijua kulikuwa na mahame huko mbugani, maana baba akiulizwa tulitoka wapi alikuwa akipunga mkono kuelekea uwanda wote. Hakuwahi kusema ni hapo. Na ile minyaa iliyoota mstari katikati ya msitu, ambako hakuna mtu angepanda uzio, niliipita usichana wangu wote nikikusanya kuni bila kujiuliza.

Kaka alizungumza akiwa amechuchumaa, macho kwenye mchoro. Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Waliambiwa wahame, na baba alitii kabla ya wengine kwa sababu aliogopa kuchomewa nyumba. Alipanda juu ya paa mwenyewe, akateremsha miti yake, wakaibeba kwenda kujengea kijijini. Mama hakusema neno. Alibeba vyungu. Kule kijijini hakuzoea. Alikuwa anaamka anatembea hadi kwenye mahame, anafagia kiwanja cha nyumba ambayo haipo, anarudi. Mimi nikiwa mgongoni. Mwaka uliofuata alifariki.

"Baada ya hapo baba akaweka ule uzio wa miiba," kaka alisema. "Akatukataza kuingia miaka ile ya kwanza. Nikawa natazama kwa nje. Kwanza nyasi, halafu vichaka, halafu miti. Kila nikija likizo, siwezi tena kuona jiko lilikuwa wapi. Ninyi mnaona msitu. Mimi naona nyumba yetu imemezwa. Nataka ile miti itoke nipaone tena, hata kama ni ardhi tupu. Nipaone kabla sijafa."

Nilisogea hadi alipokuwa. Nilimwekea mkono mgongoni. Jef alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. Halafu akauliza jambo.

"Anauliza tunazika nani," kaka alisema, akijifuta uso.

"Mwambie nyumba."

Kaka alimwambia. Jef alitikisa kichwa, akaonyesha ule mraba wa majani, akasema maneno machache, na mwishoni akaongeza kitu kwa sauti ya kudai haki yake.

"Anasema mraba wa kwao angalau bado unawasha. Na anataka chipsi."

Tulimpeleka kula chipsi. Alikula kwa furaha, mayonesi hadi kidevuni, na kaka akamfuta kwa leso kama anavyofutwa mtoto. Nikiwaangalia, nilielewa kwa nini alikuwa akimsukuma mzee yule hadi msituni kila wiki. Ni mtu pekee aliyemjua ambaye naye kwao kulimezwa.

Jioni ile Odette alikuta viatu vyetu mlangoni vimejaa matope, akatutazama nyuso, hakuuliza. Mumewe ndiye aliyeanza. Alimsimulia yote pale mezani, kwa Kiswahili chao kilichochanganyika, na mimi nikaenda dirishani kuwapa nafasi. Nilimsikia Odette akisema, "Na njo miaka yote hii ulikuwa unabeba ile peke yako, papa?" Kisha sikusikia tena, walikuwa wanaongea kwa sauti ndogo.

Siku zilizobaki hatukubishana. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba baba huenda hakuweka uzio ili kutuzuia, huenda alitaka mahali pale pasilimwe na mtu mwingine. Kaka alisema anaweza kulifikiria hilo, lakini hawezi kumsamehe baba kwa haraka ninayoitaka mimi. Uwanja wa ndege, wakati wa kuagana, alinishika mkono.

"Ukifika, kabla hawajakata chochote, ingia ndani na simu. Nipigie. Nitakuelekeza."

Nyumbani nilifika mvua za mwisho zikiwa zinanyesha. Nilipumzika, nikawaeleza Kulwa na Dotto nilichokisikia. Wao walizaliwa baada ya yote hayo, na mama yao aliyekuwa amekaa pembeni akichambua choroko alisema polepole kwamba alijua, lakini baba alimkataza kutaja. Kesho yake tuliingia msituni sisi watatu, Kulwa akitangulia na panga kufungua njia.

Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, sauti ya kaka ikija na kupotea. "Mnaiona minyaa? Ifuateni hadi inapopinda. Sasa geukeni mkono wa kulia, mtembee kama mtu anayekwenda kuchota maji."

Tulitembea. Hapakuwa na kitu. Tukarudi, tukajaribu tena, tukapita mbali mno. Dotto ndiye aliyegundua kosa. "Kaka, wakati ule ulikuwa na miguu ya miaka tisa! Sisi tunatembea kwa miguu ya watu wazima." Tulisikia kaka akicheka huko Koekelberg, na tukaanza upya kwa hatua fupi fupi, watu wazima watatu tunatembea kama watoto katikati ya miiba.

Kulwa alijikwaa. Chini ya majani makavu kulikuwa na jiwe bapa lenye shimo laini katikati. Jiwe la kusagia. Upande mmoja lilikuwa limeshikwa na mzizi mnene, mzizi umelipitia juu kama mkono. Kulwa alifuata mzizi kwa macho hadi kwenye shina, akainua panga.

"Nikate mzizi nilitoe?"

"Ngoja," nilisema. Nikamweleza kaka tunachokiona.

Mtandao ulipotea, nikasogea penye uwazi kidogo.

"Mti gani?" aliuliza.

"Mkwaju. Mkubwa. Hatuwezi kuukumbatia wawili."

"Nyuma ya jiko," kaka alisema. "Mama alikuwa anapika uji wa ukwaju. Anakamua, halafu mbegu anazitupa pale pale nyuma ya jiko. Tulikuwa tunagombana naye, zinatuumiza miguuni." Akavuta pumzi. "Kabula. Huo hakuna aliyeupanda. Huo ni mama."

Kulwa alishusha panga. Hakuna aliyemwambia.

Tuligawana hatimaye, kwa neno la kaka, nisiwaficheni. Upande wa chini, unaopakana na bonde la mpunga, wadogo zangu wameupata, na migunga mingi ya huko imekatwa. Mnunuzi wa mkaa alichukua ile iliyoanguka akaenda zake. Kila nipitapo huko naona jua linapofika sasa, na moyo unaniuma. Lakini kuanzia minyaa kwenda ndani hakuna aliyegusa, na kaka ameomba likizo ya kiangazi aje na Odette.

Nilikwenda Ubelgiji nikiamini kwamba mimi ndiye niliyeupenda msitu na kaka yangu ndiye aliyeuchukia. Niliujua kwa miti yake tu. Nilikuwa nimeishi karibu nao miaka yote hii bila kumuuliza mtu hata mmoja nani alilala hapo kabla ya miti, na aliyekuwa na jibu alikuwa mbali, anamsukuma mzee wa watu kwenye matope. Sasa watoto wa darasa langu nikiwapeleka msituni, siwaanzishii majina ya miti. Nawaonyesha lile jiwe, nawaambia wakae, na nawasimulia habari za mwanamke aliyepika uji hapa.